Begi la dharura kwa kaya ya bondeni: liandaliwe kwa ajili ya aliyepo nyumbani

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia milima ya Pugu, unateremka hadi Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua ikipiga kule juu usiku kucha, mtu wa Jangwani anaweza kuamka maji yamo chumbani na kwake hata tone halijadondoka. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanasubiri mvua ya kwao ndiyo waanze kukusanya vitu.

Kosa la pili liko kwenye begi lenyewe. Orodha nyingi za vifaa vya dharura zimeandikwa kana kwamba baba yupo, gari lipo na barabara inapitika. Saa nne asubuhi, nyumba nyingi za bondeni zina bibi, dada wa kazi au binti mmoja, na mtoto wa kubeba. Kama begi haliwezi kuinuliwa na hao, halina kazi. Kwa hiyo kila kipimo kilicho hapa chini kimepangwa kwa kaya ya watu watano (baba, mama, bibi, mtoto wa miaka 9 na mtoto wa mwaka mmoja na nusu), lakini kwa sharti kwamba siku yenyewe huenda baba na mama hawapo. Lengo ni siku tatu: muda wa kufika kwa ndugu au kwenye shule iliyogeuzwa kambi, na kujitegemea mpaka misaada ipangike.

Anza na mizani

Kabla ya kununua chochote, amua nani atabeba nini. Mtu mzima mwenye afya asizidishe kilo 10 mgongoni. Anayebeba mtoto asizidishe kilo 5. Mtoto wa miaka 9 anaweza kilo 2, na bibi abebe dawa zake na fimbo yake tu. Kwenye nchi kavu viwango hivi vinaonekana vidogo, ila ukiwa umekanyaga tope na maji yanakusukuma magotini, mzigo wa mgongoni ndio unaokuangusha. Duka lolote la nafaka lina mizani. Peleka begi likiwa limejaa ukalipime.

Vyombo viwili vinatosha: begi la mgongoni lenye mikanda mipana, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ndoo ina faida ambazo begi halina. Haipitishi maji, inabebeka kichwani na kuacha mkono mmoja huru, inaelea ikikuponyoka, na ukifika kambini unaitoa vitu ukapata chombo cha kuchotea maji na kiti cha kukalia. Angalia mambo mawili unapoinunua: mpira wa ndani ya mfuniko uwe mzima, na mshikio usiwe wa waya mwembamba unaokata vidole. Ndoo iliyowahi kubeba rangi ya nyumba usiitumie, kwa sababu baadaye itawekwa maji ya kunywa. Ukishaifunga, igeuze juu chini ndani ya beseni la maji kwa dakika kumi ikiwa na gazeti kavu ndani. Gazeti likitoka na unyevu, tafuta mfuniko mwingine.

Nyaraka

Nguo hununuliwa tena. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, leseni ya makazi au mkataba wa pango, kadi ya bima ya afya, kadi ya kliniki ya mtoto na kadi ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) ni vitu ambavyo kuvipata upya kunakula muda na nauli, tena wakati ambao huna vyote viwili. Kadi za matibabu zina uzito wa pekee, maana mhudumu wa kituo kingine asiyekujua anazitegemea kujua dozi yako na chanjo alizokwisha kupata mtoto.

Zamani watu walifunga nyaraka kwenye rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, na hata hivyo haikuwa kinga ya kutegemea. Tumia nailoni nzito inayouzwa kwa mita. Kata kipande cha nusu mita, panga nyaraka katikati zikiwa bapa, kunja pande mbili za kushoto na kulia, kisha kunja mdomo kuelekea chini mara tatu, kila mkunjo upana wa vidole viwili. Funga kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Mikunjo mitatu ndiyo inayozuia maji. Fundo peke yake halizuii. Lijaribu bunda hilo kwanza ukiwa umeweka karatasi za kawaida ndani: lizamishe kwenye beseni, weka jiwe juu, acha nusu saa.

Usidanganyike na leminesheni. Kingo zikishapasuka maji yanaingia na hayatoki, cheti kinaozea ndani ya plastiki yake.

Bunda la nyaraka halikai ndani ya begi. Linakaa kwenye kipochi cha kuvaa kiunoni chini ya nguo, kwa sababu begi linaweza kuibiwa kambini au kuachwa njiani ili kuokoa mtoto. Piga picha kila ukurasa kwa simu na uzitume kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine. Ndani ya kipochi hicho weka pia fedha taslimu, noti za 1,000, 2,000 na 5,000, zinazotosha nauli ya watu wote hadi kwa ndugu na chakula cha siku moja. Mafuriko yakikata umeme na mtandao, wakala wa pesa za simu anafunga kibanda, na dereva wa bodaboda hatakuwa na chenji ya noti ya 10,000.

Karatasi moja iandikwe kwa kalamu ya wino usioyeyuka: namba za simu za wanafamilia, za mwenyekiti wa mtaa, za ndugu wa mkoani, na dawa za kila mtu pamoja na dozi zake. Usitegemee kuwa namba zimo kwenye simu. Simu ndiyo huzima kwanza.

Dawa

Anayetumia dawa kila siku awe na akiba ya siku saba ndani ya kipochi tofauti. Ni siku saba badala ya tatu kwa sababu maji yakikauka, kituo cha afya nacho kinaweza kuwa kimefungwa kwa ukarabati. Dawa za shinikizo la damu, kifafa, kisukari, kifua kikuu na ARV hazivumilii kukatwa ghafla. Akiba hiyo isilale humo mwaka mzima: kila ukipokea dawa mpya, ziingize kwenye kipochi na uzitumie zile zilizokuwamo. Mweleze mfamasia au daktari wako wazo hili kwa maneno rahisi, “nataka akiba ya wiki ya dharura”, na mara nyingi utaelewana naye.

Insulini inahitaji maelezo yake. Chupa iliyofunguliwa hukaa takribani wiki nne bila jokofu iwapo joto halizidi nyuzi 30, na Dar es Salaam mwezi Machi joto hilo linapitwa mchana. Izungushie kitambaa kilicholowa, uiweke ndani ya chungu kidogo cha udongo kivulini, kitambaa kiwe na unyevu muda wote. Isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi.

Kwa wote: paracetamol, pakiti kumi za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki vya watoto, bandeji mbili, plasta, dawa ya ayodini ya kuosha vidonda, glavu jozi mbili. ORS ndiyo usiyoweza kuipunguza. Maji ya mafuriko ya mjini yamechanganyika na vyoo vilivyofurika, na wapo wanaotapisha vyoo makusudi mvua ikianza. Mtoto akipata kuhara kambini, pakiti moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji salama. Ukitumia maji pungufu chumvi inazidi na mtoto anaweza kuzidiwa. Zikiisha, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu, kwenye lita moja.

Maji ya kunywa: hesabu inayokataa kubebwa

Mtu anahitaji lita 3 hivi za kunywa kwa siku kwenye joto letu. Watu watano kwa siku tatu ni lita 45, yaani kilo 45. Hakuna wa kuzibeba. Jawabu ni kubeba maji ya safari na usiku wa kwanza tu, madumu mawili ya lita 5, na kubeba uwezo wa kutibu mengine. Madumu ya lita 20 yaache; mtu aliyechoka hulitupa dumu zima, na hapo mmekosa yote.

Vidonge vya klorini vya kutibu maji vinapatikana maduka ya dawa. Vingi vimetengenezwa kwa lita 20 kwa kidonge kimoja, lakini viko vya ujazo tofauti, hivyo soma pakiti na uandike kipimo kwa maandishi makubwa juu ya mfuniko wa ndoo. Weka kumi. Maji ya tope yachujwe kwanza, kwa sababu klorini inaishia kwenye uchafu kabla haijafika kwenye vimelea. Chujio ni kanga kuukuu safi iliyokunjwa mara tatu au nne. Kanga kuukuu inachuja vizuri kuliko mpya, maana nyuzi zake zimelegea kwa kufuliwa na kuziba matundu. Acha maji yatulie, mimina yale ya juu kwenye ndoo, tia kidonge, funika, subiri nusu saa. Kuni zikipatikana, kuchemsha mpaka yatokote kwa dakika moja kunatosha.

Klorini inaua vijidudu. Petroli, oili na kemikali za gereji haiziondoi. Maji yenye utando wa rangi juu yake yasinywewe hata yakitibiwa.

Chakula kisichohitaji moto

Mchele na unga viachwe. Vinahitaji sufuria, moto, maji na nafasi, na siku ya kwanza huna hata kimoja. Tende kilo 2, karanga za kukaanga kilo 1 na nusu, biskuti kavu kilo 1 na nusu: jumla kilo 5 zinazompa kila mtu kalori zipatazo 1,400 kwa siku. Si shibe ya kawaida, ila kwa siku tatu inamshikilia mtu. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zinampalia. Mpakie za kusaga kwenye kopo dogo. Mwenye kisukari ahamishiwe kwenye karanga na biskuti zisizo na sukari, tende apunguze, isipokuwa sukari yake ikishuka ghafla. Karanga zibadilishwe kila baada ya miezi miwili na zikaushwe vizuri kabla ya kufungwa. Zikiwa chungu au zina ukungu zitupwe zote, usichambue, kwa sababu sumukuvu haionekani kwa macho.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Hofu na uchovu havikaushi maziwa, na ndiyo chakula pekee kambini kisicho na uchafu. Anayetumia maziwa ya kopo alishwe kwa kikombe. Chupa na chuchu yake haviwezi kuoshwa sawasawa katika mazingira hayo.

Mengine ya kutia ndani

Nguo jozi moja kwa kila mtu, kanga mbili au tatu (ni shuka, mbeleko, pazia la kubadilishia nguo na chujio), chandarua kimoja kikubwa, turubai jepesi la mita 3 kwa 4, kamba ya manila mita 10, sabuni ya mche nusu, pedi za kutosha, nepi za vitambaa, vikombe viwili vya plastiki, kisu kidogo, kiberiti ndani ya kopo la dawa lililokauka. Mishumaa usiweke, kambi imejaa vitambaa na watoto.

Tochi iwe ya betri au ya sola, na betri zikae nje ya tochi, zimefungwa pembeni, kwa sababu zikikaa ndani kwa miezi huvuja na kula vyuma. Simu ndogo ya kitochi yenye laini iliyosajiliwa inafaa kuliko simu kubwa: chaji yake inadumu siku kadhaa. Filimbi moja kwa kila mtoto. Sauti ya mtoto haisikiki maji yakivuma, filimbi inasikika.

Viatu vikae juu ya begi, vimefungwa kwa kamba zake. Raba za kufunga ndizo zinazofaa. Yeboyebo zinavutwa na tope, na mabuti ya mpira maji yakiingia kwa juu yanageuka nanga. Chini ya maji kuna misumari, chupa, mabati na chemba ambazo mifuniko yake imenyanyuliwa, kwa hiyo kila kundi liwe na fimbo ya kupimia ardhi kabla ya kukanyaga.

Jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi viandikwe kwenye kitambaa na kushonewa ndani ya nguo. Usiviweke nje. Mtu asiyejulikana akiweza kumwita mtoto kwa jina lake, mtoto atamfuata.

Pa kuliweka, na zoezi la gizani

Uvungu wa kitanda ndiyo sehemu ya kwanza kufikiwa na maji. Juu ya kabati la chumba cha ndani bibi hafikii. Begi lining'inizwe nyuma ya mlango wa kutokea kwa msumari wa inchi nne, usawa wa bega la mtu mfupi kuliko wote wazima, na ndoo ikae juu ya meza au stuli jirani yake. Ufunguo wa geti la chuma utundikwe papo hapo, pasipofikika kwa mkono kutoka dirishani. Geti lililofungwa kwa kufuli huku ufunguo haujulikani uliko limeua watu kwenye moto, na kwenye maji ni hivyo hivyo.

Maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 yaliwakuta watu asubuhi na mapema. Maji ya Mai Mahiu nchini Kenya, 29 Aprili 2024, yalifika kabla ya kucha. Kwa hiyo zoezi lifanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mtu mmoja aite “Tunatoka!”, mwingine apime kwa saa. Kaya iwe nje na mzigo wake ndani ya dakika tano. Zoezi la kwanza karibu kila mara linakwama pale pale: viatu vya watoto, miwani ya bibi, ufunguo, na watu wawili kuchukua kitu kimoja huku madumu yakiachwa. Rudieni baba na mama wakiwa wamekaa pembeni bila kusaidia. Hapo ndipo mtajua kama begi ni zito.

Asiyeweza kutembea apangiwe majirani wawili kwa majina, na wakubali wenyewe mapema. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye tope. Kiti imara cha mbao kinachobebwa na watu wawili kinapita. Huyu anaondoka mapema kuliko wote.

Lini mtoke

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kila ngazi ipewe kazi yake nyumbani. Angalizo: chaji simu zote, jazeni madumu, pandisheni magodoro na vyombo vya umeme juu. Tahadhari: bibi, mtoto mchanga na mgonjwa walale kwa ndugu aliye mwinuko. Tahadhari kubwa: wote mtoke mchana, msisubiri kiza. Pamoja na hayo, piga mstari wa rangi kwenye nguzo au ukuta wa mtaro ulio karibu. Maji yakifika hapo mnaondoka, mvua iwe inanyesha au la, na uamuzi huo hauhitaji kumpigia baba simu.

Kabla ya kutoka, zima swichi kuu ya umeme na ufunge valvu ya mtungi wa gesi. Kama maji yameshaingia na umesimama ndani yake, swichi usiiguse, toka. Televisheni iacheni.

Msivuke maji yanayokwenda kasi. Kina cha sentimita 15 kinaweza kumwangusha mtu mzima, na bodaboda inasombwa mapema kuliko dereva anavyodhani. Mkikuta njia imefungwa na maji, rudini mwinuko wa karibu. Ndiyo maana sehemu za kukutania ziwe mbili, moja kila upande wa mto: shule, msikiti au kanisa ambalo kila mtoto analijua. Aliyetengana na wenzake atume ujumbe mfupi kwa ndugu wa mkoani. Ujumbe hupenya wakati simu za sauti hazipiti, na ndugu huyo ndiye anayewaunganisha. Namba ya polisi kwa dharura ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Ukaguzi

Fungua begi mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Mwaga maji ya madumu, yaoshe, yajaze upya. Pima nguo za watoto mwilini mwao, maana miezi sita inatosha kuzifanya zisiingie. Badilisha chakula, angalia tarehe za dawa, washa tochi, chaji simu ndogo, rudia jaribio la bunda la nyaraka kwenye beseni.

Asiyeweza kununua vyote kwa pamoja aanze na visivyohitaji fedha: kukusanya nyaraka, kuandika namba, kutenga dawa, kutundika ufunguo, kufanya zoezi. Halafu madumu na vidonge vya maji, kisha tochi, kisha chakula. Turubai na chandarua vinaweza kusubiri.

Mkirudi nyumbani baada ya maji kupungua, kazi ya kwanza baada ya kusafisha sakafu ni kuosha ndoo na madumu kwa sabuni na maji yaliyotiwa klorini, kukausha begi juani na kulijaza tena siku ile ile. Masika hupiga, hutulia, kisha hupiga tena, na mawimbi mawili ya mafuriko ndani ya msimu mmoja si jambo geni bondeni.